Funza mmoja, majina manne: Kiini cha hasara ya mbaazi Karatu

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wengi wa Karatu wanamfahamu funza anayetoboa maganda ya mbaazi. Wanamfahamu pia kiwavi anayeingia kwenye ncha ya gunzi la mahindi, yule anayeacha kinyesi kama unga wa mbao. Anayelima nyanya bondeni Mang'ola anamjua funza anayetoboa tunda karibu na kikonyo, tunda likaoza kabla halijafika sokoni. Na ndugu zetu wa Shinyanga na Mwanza wanamwita funza wa vitumba, adui mkubwa wa pamba.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wote hao ni mdudu mmoja. Wataalamu wanamwita Helicoverpa armigera, na katika vitabu vya zamani aliitwa Heliothis. Kila mkulima amempa jina la zao analolima yeye, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mwenye mbaazi anapambana na funza wa mbaazi mwezi Julai, bila kujua kwamba nondo aliyetaga mayai hayo alikulia kwenye mahindi ya shamba hilo hilo mwezi Mei.

Makala haya yanaeleza jinsi mmea anaoula mdudu huyu unavyoamua atakua kwa kasi gani, atataga mayai mangapi na atahamia wapi baada ya hapo. Mkulima akilielewa jambo hili anaweza kupunguza hasara kabla hajafikiria kununua dawa.

Mbaazi ni fedha

Mbaazi si zao dogo katika wilaya ya Karatu. Pamoja na Babati, Karatu ni miongoni mwa wilaya za kaskazini zinazojulikana zaidi kwa zao hili, na kwa kawaida hupandwa ndani ya mahindi. Mkulima anavuna mahindi kwa ajili ya chakula, kisha mbaazi zinaendelea kusimama shambani hadi Agosti au Septemba na kumpatia fedha za ada za shule na za kuandaa msimu mwingine. Hata mbegu zinaonyesha uzito wa eneo hili. Kati ya aina zilizoidhinishwa nchini mwaka 2015, mojawapo ilipewa jina la Karatu 1. Kabla yake kulikuwa na aina ya Mali, ambayo wakulima waliipenda kwa kuwa inavumilia ugonjwa wa mnyauko.

Soko nalo lina historia ya machungu. Agosti 2017, India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka. Bei iliporomoka, na wapo wakulima waliobaki na magunia ndani. Milango ilifunguliwa tena mwaka 2021, lakini funzo lilibaki: bei haiko mikononi mwa mkulima. Kilicho mikononi mwake ni wingi na ubora wa kile anachopeleka sokoni.

Ubora ndio unaoharibiwa na wadudu. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikagua mashamba ya mbaazi nchini Kenya, Malawi, Tanzania na Uganda. Kwa Tanzania walikuta takriban asilimia 14 ya punje zimeharibiwa na wadudu wa shambani, na funza wanaotoboa maganda walihusika na karibu nusu ya uharibifu huo. Waliobaki walikuwa wadudu wanaofyonza punje changa na nzi wa maganda.

Hebu tuchukue mfano. Mkulima mwenye magunia 10 ya kilo 100 kila moja ana kilo 1,000. Asilimia 14 ya hizo ni kilo 140, karibu gunia moja na nusu. Si zote zitatupwa, lakini mnunuzi anapochota mbaazi kwa mkono na kuona punje zilizotobolewa na kusinyaa, hashushi bei ya hizo mbovu peke yake. Anashusha bei ya gunia zima.

Maisha ya funza kwa ufupi

Nondo wa mdudu huyu ni wa rangi ya kahawia au kijivujivu, na huruka usiku. Jike hutaga mayai moja moja, si kwa mafungu kama wafanyavyo viwavijeshi vamizi. Anapenda kuyaweka kwenye sehemu changa na zenye vinyweleo: machipukizi, vitumba vya maua, maganda machanga na ndevu za mahindi. Yai ni dogo kuliko kichwa cha pini, na lina rangi nyeupe ya maziwa ambayo huwa nyeusi kadiri siku ya kuanguliwa inavyokaribia. Jike mmoja aliyekula vizuri anaweza kutaga mayai 1,000 na zaidi katika maisha yake.

Mahali penye joto yai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Kiwavi hupita hatua sita za ukuaji, akijivua gamba kila hatua, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Katika hatua za kwanza anakula kidogo sana. Katika hatua mbili za mwisho anakula zaidi ya robo tatu ya chakula chote cha maisha yake ya ukiwavi. Ndiyo maana mkulima huona kama hasara imetokea ghafla, kumbe mdudu alikuwepo shambani siku kumi nzima kabla hajaonekana.

Akishiba, kiwavi hushuka ardhini, huchimba sentimita chache na kugeuka pupa. Humo hukaa wiki mbili hivi kama udongo una joto, kisha hutoka nondo mpya. Kwenye joto kama la bonde la Ziwa Eyasi, mzunguko mzima wa kutoka yai hadi nondo unaweza kukamilika kwa wiki nne hadi tano. Kwenye baridi ya nyanda za juu za Karatu, hasa Juni na Julai, unaweza kuchukua wiki saba au zaidi.

Chakula ndicho kinachoamua

Hadi hapo tumezungumzia joto. Lakini wiki hizo zinaweza kupungua au kuongezeka kutokana na mmea anaoula kiwavi, hata kama hali ya hewa ni ile ile.

Kiwavi anayekula maua, punje changa na mbegu anapata protini nyingi. Hukua haraka, huwa na pupa mzito, na nondo anayetoka huwa na mayai mengi. Kiwavi aliyelazimika kuishi kwa majani makavu au yaliyokomaa hukua polepole, wengi hufa njiani, na wanaofaulu kuwa nondo huwa wadogo wenye mayai machache. Ni kama mfugaji anavyojua: ndama aliyenyonya vizuri na ndama aliyenyimwa maziwa hawawi ng'ombe sawa, ingawa mama yao ni mmoja.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa mdudu mmoja, lakini tazama inavyokuwa baada ya vizazi vitatu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kwenye mmea mzuri jike anataga mayai 1,000 na mawili katika kila 100 yanafikia kuwa nondo. Hao ni nondo 20, nusu yao majike, yaani 10. Kizazi cha pili kitakuwa na majike 100, na cha tatu majike 1,000. Sasa tuseme kwenye mmea dhaifu jike anataga mayai 500 na moja tu katika kila 100 linafaulu. Hao ni nondo watano, majike wawili na nusu kwa wastani. Baada ya vizazi vitatu utakuwa na majike wapatao 16. Elfu moja dhidi ya 16, na hakuna aliyepulizia dawa popote. Kilichotofautiana ni chakula.

Mimea pia ina njia zake za kujikinga. Dengu, zao linalolimwa sana Kanda ya Ziwa, hutoa umande wenye asidi kwenye majani na maganda yake. Mkulima aliyewahi kupita katika shamba la dengu asubuhi anajua jinsi miguu inavyowasha. Mojawapo ya asidi hizo hupunguza kasi ya ukuaji wa kiwavi, ingawa haimzuii kabisa kuishambulia dengu.

Kwenye mahindi kuna jambo jingine. Mayai mengi yanaweza kutagwa kwenye ndevu za gunzi moja, lakini mara nyingi mkulima akilimenya hukuta kiwavi mmoja mkubwa. Sababu ni kwamba viwavi hawa wakibanwa mahali padogo hulana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo gunzi moja kwa kawaida hutoa nondo mmoja, lakini eka moja ina maelfu ya magunzi.

Mbaazi zenyewe zina upande wa pili wa kushangaza. Tunawategemea nyigu wadogo sana, wasioonekana kwa urahisi, ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo na kuyaua. Kwenye mtama na mahindi nyigu hao hufanya kazi nzuri. Kwenye mbaazi hufaulu kwa nadra. Watafiti wa India waligundua kwamba vinyweleo vya maua na maganda ya mbaazi, pamoja na utomvu wake unaonata, huwazuia nyigu hao kutembea. Maana yake ni kwamba mbaazi humpa funza chakula bora na wakati huo huo humpa ulinzi dhidi ya adui zake. Si ajabu basi kwamba zao hili hushambuliwa kuliko mengine mengi.

Utafiti wa nyumbani

Haya si mambo ya kuazima kutoka nje pekee. Tanzania ni moja ya nchi ambako mdudu huyu alichunguzwa mapema na kwa kina. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, mtafiti W. Reed alifuatilia maisha ya funza wa vitumba katika ukanda wa pamba, na mwaka 1965 matokeo yake yakachapishwa, yakiwemo maelezo marefu kuhusu pupa na maadui wa asili wa mdudu huyo.

Mwaka 1988 mtaalamu wa wadudu Mtanzania, Brigitte Nyambo, alichapisha utafiti wake kutoka ukanda huo huo wa magharibi. Hoja yake kuu ni muhimu kwa mkulima yeyote: wingi wa funza kwenye pamba hauwezi kueleweka kwa kuiangalia pamba peke yake. Ni lazima ujue ni mimea gani mingine ipo, ya kulimwa na ya porini, na kila mmoja unachanua lini. Mdudu huruka kutoka mmea unaomaliza kuchanua kwenda mmea unaoanza, kama abiria anayeshuka basi moja na kukuta jingine linamsubiri stendi.

Katika safari hiyo magugu nayo yana nafasi yake. Mgagani, ambao wengi wetu tunauchuma kama mboga, ni mmoja wa mimea inayomlea mdudu huyu. Duniani imehesabika mimea ya aina zaidi ya 180 anayoweza kuila. Uwezo huo ndio uliomfanya awe tishio hata nje ya Afrika, Asia na Australia alikozoeleka. Mwaka 2013 alithibitishwa kuwepo Brazil na kuleta hasara kubwa kwenye soya na pamba.

Kalenda ya Karatu

Sasa tuitumie hoja hiyo kwa mashamba yetu. Kutegemea mvua, mkulima wa maeneo kama Rhotia, Mbulumbulu au Endabash hupanda mahindi na mbaazi kwa pamoja kufikia Februari au Machi. Mvua zinapoanza, magugu kama mgagani na mchicha pori huchipua na kuchanua haraka. Nondo wa kwanza hutaga huko.

Kufikia Mei mahindi yanatoa mbelewele na ndevu. Kizazi kinachofuata kinahamia kwenye mahindi. Mkulima anaona kiwavi kwenye ncha ya gunzi lakini hashtuki sana, kwa sababu punje zinazoliwa ni chache na gunzi lililobaki linafaa. Mawazo hayo ni sahihi kwa upande wa mahindi. Kwa upande wa mbaazi ni makosa, kwa sababu kiwavi huyo akishiba atashuka ardhini na kuwa pupa chini ya shina la mbaazi.

Juni na Julai, mahindi yakikauka, mbaazi za muda mrefu zinaanza kuchanua. Baridi huchelewesha pupa, lakini haiwaui. Nondo wanatoka ardhini na kukuta shamba zima la maua ya njano, lenye nekta kwa ajili yao na vitumba kwa ajili ya watoto wao. Hawahitaji hata kuruka mbali.

Mbaazi zikikomaa Agosti na Septemba, wapo wanaohamia kwenye ngwara zinazochelewa kuchanua, na wapo wanaoteremka bondeni. Nondo hawa ni hodari wa kuruka, na wakisaidiwa na upepo wanaweza kwenda kilometa nyingi. Mang'ola, ambako maji ya chemchemi ya Qangded huwezesha kilimo cha umwagiliaji wakati wa kiangazi, huwa na nyanya na mahindi mabichi wakati mashamba ya juu ni makavu. Hali ni hiyo hiyo upande wa Ngorongoro, katika mashamba ya umwagiliaji wa asili ya Wasonjo, huko Digodigo na Samunge. Kilimo hiki cha kiangazi ni baraka kwa walaji na wafanyabiashara, lakini kwa mdudu ni daraja la kijani la kumvusha hadi mvua zinazofuata.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kwenyewe hakuna mashamba. Kilimo kiliruhusiwa huko mwaka 1992 lakini kikasitishwa tena mwaka 2009, na wafugaji wanategemea mahindi yanayotoka nje, yakiwemo ya Karatu. Hata hivyo nondo hawatambui mpaka wa hifadhi. Mimea ya porini inayochanua kandokando ya msitu ni chakula chao pia. Kwa hiyo hakuna mkulima anayeweza kuahidiwa kumfuta kabisa mdudu huyu. Kinachowezekana ni kupunguza idadi anayoanza nayo msimu.

Kila mdudu na chakula chake

Si wadudu wote wanaohama namna hii, na mkulima asipotofautisha atapoteza nguvu bure. Viwavijeshi wa Afrika, wale wanaotembea kwa makundi, hula jamii ya nyasi tu: mahindi, mtama, ngano, shayiri na malisho. Hawagusi maharage wala mbaazi. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, anaishi hasa kwenye jamii ya nyanya, kama vile nyanya yenyewe, viazi mviringo, bilinganya na mnavu. Kwake yeye, kubadilisha zao kutoka nyanya kwenda kitunguu au maharage na kung'oa mnavu ni pigo kubwa, kwa sababu anakosa mahali pa kutaga.

Kwa funza wa vitumba hali ni tofauti. Ukitoka nyanya kwenda dengu, ukitoka mahindi kwenda alizeti au mbaazi, umembadilishia chakula tu. Kitunguu si chakula chake cha kawaida, hivyo kipande cha vitunguu baada ya nyanya kinasaidia. Lakini mkulima wa vitunguu ana adui yake mwingine, thripsi, ambaye naye huendelea kuzaliana pale kitunguu kichanga kinapopandwa jirani na kilichozeeka. Akihama kutoka shamba moja kwenda jingine kila mwezi, hana msimu wa njaa.

Kwa hiyo kabla ya kuamua mzunguko wa mazao, swali la kwanza liwe: huyu mdudu wangu anakula nini kingine, na kinapatikana wapi mwezi huu?

Mkulima afanye nini?

Kwanza, pandeni kwa wakati mmoja. Jirani wakipanda mbaazi kwa kupishana wiki nyingi, maua yanapatikana kwa miezi badala ya wiki, na mdudu anapata nafasi ya kizazi cha ziada. Wa mwisho kupanda ndiye anayepokea funza wa wote waliotangulia. Jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Linahitaji mkutano wa kitongoji au kikundi, na bwana shamba anaweza kulisimamia.

Pili, usiache mbaazi za mwaka jana zisimame bila sababu. Wengi huacha mashina yachipue tena ili wapate mavuno kidogo ya ziada. Mashina hayo huchanua mapema kuliko mbaazi mpya na kuwa kitalu cha funza. Kama unayahitaji kwa kuni au kivuli, kata matawi yenye maua.

Tatu, lima mapema baada ya kuvuna. Jembe la ng'ombe au trekta hugeuza udongo na kuwatoa pupa juu. Jua huwakausha, na yangeyange, kunguru na kuku humaliza waliobaki. Pupa wengi hawako chini sana, hivyo hata jembe la mkono linafaa katika bustani ya nyanya.

Nne, palilia mapema na kusafisha mipaka. Mgagani wa mboga uchumwe kabla haujachanua. Nyanya zilizotobolewa zisitupwe pembeni mwa shamba; zifukiwe au walishwe mifugo, maana funza aliyemo ndani hataoza pamoja na tunda.

Tano, kagua. Vitumba vinapoanza kutokea, pita shambani angalau mara mbili kwa wiki, asubuhi. Chukua mashina kadhaa katika pande tofauti za shamba, si ya ukingoni tu, na uangalie vitumba na maganda machanga. Tafuta mayai meupe na viwavi wadogo. Funza akishaingia ndani ya ganda, dawa haimfikii.

Sita, tingisha mbaazi. Wakulima wa India wana desturi ya zamani ya kutandika shuka au turubai kati ya mistari na kuyatingisha mashina kwa taratibu. Funza huanguka, hukusanywa na kupewa kuku. Kwa mwenye eka moja au mbili na watoto wa kusaidia, kazi hii ni ya asubuhi chache na haigharimu shilingi.

Saba, dawa iwe ya mwisho na iwe sahihi. Mdudu huyu anajulikana duniani kote kwa kujenga usugu, hasa dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi zilizotumika mfululizo kwa miaka mingi. Anayepulizia dawa ile ile kila wiki anawaua nyigu, sisimizi na buibui wanaomsaidia, na kuwaacha funza sugu wazaliane. Tumia viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha. Badilisha kundi la dawa, si jina la chupa tu, kwani chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiini kimoja. Pulizia jioni ukiwalenga viwavi wadogo, na uwaepushe nyuki ambao maua ya mbaazi ni malisho yao.

Kwa mfanyabiashara

Mnunuzi wa mbaazi naye ana sehemu yake. Anayelipa bei moja kwa punje safi na punje zilizotobolewa anamfundisha mkulima kwamba kukagua shamba ni kupoteza muda. Anayetenganisha bei kwa ubora, na kueleza wazi sababu, anapata mzigo bora msimu unaofuata. Vikundi vinavyochekecha na kupanga mbaazi kabla ya kuuza vina nguvu zaidi ya kujadiliana bei kuliko mkulima mmoja mmoja barabarani.

Mwezi Mei ujao, ukimenya gunzi bichi na kumkuta kiwavi kwenye ncha, usiishie kuikata ncha na kuitupa chini. Muue, kisha tazama mbaazi zilizosimama pembeni na uhesabu wiki zilizobaki kabla hazijachanua. Hizo ndizo wiki ulizonazo za kujiandaa.